Wali au ugali: nilivyopambana na hofu ya kuamua

Mwaka 2021 nilisimama kwa mama ntilie mmoja Kariakoo, akaniuliza "wali au ugali?" nikashindwa kujibu. Sio utani jamani. Nikawa nawaza nikila wali njaa itanirudia mapema, nikila ugali ntasinzia kazini, foleni nyuma wameshaanza kunung'unika, mwisho nikasema sina njaa nikaondoka huku tumbo linaunguruma.

Hapo nilikuwa nishakosa kazi nzuri ya Dodoma, sababu barua ya kuitwa ilikaa kwenye simu siku 9, kila siku naifungua naisoma naifunga. Nyumbani wakasema uvivu, shangazi akasema nimerogwa. Usingizi nao ulikata, saa tisa usiku macho kodo.

Rafiki yangu ndo akanikokota hospitali. Daktari akanipa karatasi ya maswali 9 ya hali yangu ya wiki 2 zilizopita, tukaongea sana, akasema hii ni sonona (ule ugonjwa wa akili wa huzuni na kukata tamaa, depression), na kushindwa kuamua hata vitu vidogo ni moja ya dalili zake. Aisee nililia palepale, kumbe lina jina!

Kilichonishangaza akanikataza kuamua makubwa. Kuacha kazi, kuhama, kuvunja uchumba, vyote visubiri kwanza dawa zishike (na zinachukua wiki kadhaa, mi wiki ya kwanza niliambulia kichefuchefu tu nikataka kuzitupa). Nilivyoambiwa vile nikahisi kama nimetuliwa gunia.

Vidogo sasa, mshauri nasaha akanipa zoezi: natega alamu dakika 2, ikilia nachukua nilichoshika, sirudi kubadilisha na simuulizi mtu. Hapo kwenye kutouliza ndo paliniua, maana nilizoea kupigia watu wanne kununua shati moja. Shati la kwanza la mtumba nikaingia chaka, mikono imeishia juu ya kiwiko kama la mdogo wangu, nikalivaa hivyohivyo. Kwenye daftari upande wa "nilichoogopa" nikaandika watanicheka ofisi nzima, upande wa "kilichotokea" nikaandika mlinzi kacheka.

Dawa nilimaliza kwa utaratibu wa daktari, ila makubwa bado yananitoa jasho, kiwanja tu kimenichukua miezi mitatu. Yule mama ntilie bado yupo. Akiniona anaanza kuhesabu kwa sauti, moja, mbili, nikizubaa ananipakulia ugali, na anajua kabisa mi mtu wa wali.