Nifunge au nisifunge?

Ramadhani ikikaribia famasi yetu hapa Muscat inakuwa kama baraza, wazee wenye sukari wanapita na swali lilelile, nifunge au nisifunge? Wengi Kiarabu, wengine wakiisikia lafudhi yangu wanahamia Kiswahili hapohapo (watu wenye asili ya Unguja wamejaa huku). Kwa daktari wameshaitikia inshallah wakatoka, swali lenyewe wanakuja kuliuliza kaunta.

Mi siku hizi siwaambii "usifunge" halafu basi. Atafunga tu, tofauti ni kwamba atafunga kimyakimya na dawa atajipangia mwenyewe. Bora tukubaliane kabisa, sukari ikishuka chini ya 70 au ikipita 300 (kwa kipimo cha mg/dL) unafungua, hata kama adhana ya magharibi imebaki nusu saa. Wenye vidonge vya gliclazide na insulini ndo wananipa presha maana hizo zinashusha sukari kwelikweli, hao nawarudisha kwa daktari wiki 6 au 8 kabla wapangiwe dozi upya, sio usiku wa kuandama mwezi.

Halafu kuna kupima. Watu hawachomi kidole mchana wakidhani tone la damu linaharibu saumu, mashekhe wengi wameshasema haliharibu ila nikisema mimi na koti langu jeupe haiwaingii, kwa hiyo namwambia ami kamuulize imamu wako, anarudi kesho kununua vijiti vya kupimia. Na insulini ya nguruwe je? Bi mkubwa mmoja aligoma kabisa kwa hilo, na hakukosea, zamani ilitolewa kwenye kongosho la nguruwe na ng'ombe kweli, nikamweleza hii ya sasa inatengenezwa kwa bakteria au hamira, akaichukua.

Chakula sasa. Karatasi za ushauri zinataja mkate wa ngano nzima na matunda ambayo hapa hayaliwi, wakati mtu ana tende, kahawa na wali wa sinia moja nyumba nzima. Tende tatu wakati wa kufuturu sina ugomvi nazo. Sinia ndo tabu, utajuaje umekula kiasi gani na kila mtu anakusogezea nyama? Namuomba aje na anayepika, tunaongea watatu.

Kukagua vidonda vya miguu ndo rahisi kuliko yote, mtu anatawadha kila siku, akikausha katikati ya vidole aangalie na kidonda hapohapo, wanaelewa mara moja. Ila Idi ikifika, na shuwa (nyama ya kuokwa shimoni), na halwa kila nyumba unayoingia, hapo bado sijapata la kuwaambia wakanisikiliza.