Nilivyoandika Maisha ya Bibi Yangu Bila Tarehe ya Kuzaliwa

Bibi yangu mzaa baba aliishi maisha yake yote wilayani Rungwe, katikati ya migomba, na kwa zaidi ya nusu ya maisha hayo alikuwa mshirika wa kanisa dogo la Kibaptisti lililo ng'ambo ya mto kutoka nyumbani kwake. Mwaka 2011, nguvu zilipoanza kumwishia, niliamua kuandika habari zake na za uzao wake, nikidhani kwamba likizo moja ingetosha. Kazi hiyo ilinichukua miaka mitatu.

Kosa langu la kwanza lilikuwa kumuuliza miaka. Nilipotaka kujua alizaliwa lini, alinitazama kwa upole akasema, "Mke mwenzangu, nani angeiandika siku hiyo?" Ndipo nilipoacha kuuliza tarehe, nikaanza kuuliza alikuwa akifanya nini wakati jambo fulani lilipotokea. Alikuwa ameambiwa na mama yake kwamba alizaliwa wakati baba yake yupo Lupa, kwenye machimbo ya dhahabu ya Chunya yaliyowavuta vijana wengi wa Kinyakyusa katika miaka ya 1930. Vijana wa kijiji chao walipochukuliwa kwenda vitani kupigana upande wa Mwingereza, yeye alikuwa tayari anateka maji kwa kibuyu chake mwenyewe, ingawa hakuweza bado kumbeba mdogo wake mgongoni. Kwa kuyaunganisha hayo mawili, niliandika kwamba alizaliwa kati ya 1932 na 1935, na sikujaribu kubana zaidi ya hapo, kwa sababu naamini makadirio ya kweli ni bora kuliko tarehe ya kubuni.

Baada ya hapo nilitafuta kumbukumbu za kanisa, na hapa nilipotea kwa muda mrefu. Jamaa zetu walio Wamoraviani na Walutheri walinishauri nitafute kitabu cha ubatizo, maana kwao mtoto hubatizwa akiwa mchanga, na jina lake huandikwa pamoja na siku ya kuzaliwa. Kwa Wabaptisti mambo si hivyo. Mtoto mchanga habatizwi. Anayebatizwa ni mtu aliyeamini na kukiri mwenyewe, naye huzamishwa katika maji mengi, kwa hiyo kitabu cha ubatizo kinaonyesha siku mtu alipoamua, bila lazima ya kusema lolote kuhusu siku alipozaliwa. Tena kila kanisa la mahali hujitawala, na vitabu vyake hubaki kwa katibu wake. Nilizunguka ofisi mbili za mjini bure kabisa, hadi mzee mmoja aliponielekeza kwenye nyumba ya marehemu katibu wa zamani, ambako mkwe wa marehemu alinitolea daftari kutoka kwenye sanduku la bati. Mchwa walikuwa wamekula pembe zake, na ukungu wa mvua za Rungwe ulikuwa umefuta nusu ya wino, lakini jina la bibi lilisomeka: Julai 1963, miaka saba tu tangu wamisionari Wabaptisti kutoka Marekani waanze kazi yao Tanganyika.

Tarehe hiyo ilikubaliana na barua niliyoikuta ndani ya Biblia yake. Babu alikuwa amekwenda kufanya kazi katika migodi ya shaba ya Rhodesia ya Kaskazini, ambayo leo ni Zambia, na bibi alimwomba ruhusa ya kubatizwa kupitia kwa mwalimu aliyemwandikia. Jibu lilitoka Kitwe, na muhuri wa posta ulionyesha mwaka 1962. Lilikuwa sentensi chache kuhusu ng'ombe na paa la nyumba, kisha mwishoni: ikiwa moyo wako umekubali, nenda.

Jambo lililonishinda kwa muda mrefu kuliko yote lilikuwa jina la baba yake babu. Kila nilipomuuliza bibi, alinyamaza au alianza kunisimulia habari nyingine, nami nikadhani amesahau. Shangazi ndiye aliyenifumbua macho. Katika mila ya Wanyakyusa wa zamani, mke hakupaswa kuonana na baba mkwe wake: akimsikia njiani aliacha njia, akajifunika na kuinama kwenye majani, wala hakulitaja jina lake, hata neno linalofanana nalo. Bibi alikuwa amelishika katazo hilo tangu alipoolewa, na kifo cha mzee yule hakikumfungua.

Nilipomwomba anieleze, alinisimulia siku ya ubatizo wake. Asubuhi ile ya baridi, ukungu ukiwa bado juu ya mto, habari zilifika kwamba baba mkwe anakuja kutazama. Bibi alitaka kukimbia. Wanawake wenzake waliingia majini wakiwa na nguo zao, wakasimama bega kwa bega, wakazitandaza kanga zao juu kama ukuta kati yake na ukingo alikosimama mzee, na nyuma ya ukuta huo mchungaji akamzamisha. Mzee hakumwona, ila alisikia maji yalipopasuka.

Jina lake nililipata kwa njia ambayo bibi mwenyewe aliichagua: alinyoosha kidole kwa binamu yangu aliyekuwa akikata majani ya ng'ombe, akasema, "Yule amelibeba." Niliandika jina hilo juu kabisa ya ukurasa, na chini yake watoto wanane wa bibi, wakiwemo wawili waliokufa wachanga ambao hawakuwa katika daftari lolote na ambao yeye alisisitiza watangulie wengine. Nilipomaliza nilimsomea ukurasa wote. Nilipofika kwenye jina la baba mkwe, alinigusa mkono, akaniomba nilipite kimya.