Nimehamia PostgreSQL
Nimekuwa nikiwaandikia akina mama wa samaki pale Dunga, Kisumu, programu ya hesabu za mauzo. Nilianza na SQLite, mfumo mdogo wa kuhifadhi data, na bado naipenda: hakuna seva ya kusimamia, data yote imo kwenye faili moja, unanakili kwenye flashi unaenda nyumbani.

Shida ni kwamba kwa wakati mmoja inaruhusu mmoja tu kuandika. Mashua zikifika asubuhi, simu sita zikiingiza kilo za mbuta kwa pamoja, foleni inaanza.

Basi nikahamia PostgreSQL, mfumo mwingine wa kuhifadhi data, unaoruhusu wengi kuandika kwa pamoja. Kuiweka kumenichosha siku mbili nzima, nywila, ruhusa, mipangilio! Lakini leo wote sita wameingiza bila kungojana. Mama mmoja akaniuliza, "Kwani umenunua kompyuta mpya?" Nimefurahi mno.