Riwaya ya mpiga gitaa ikipandishwa jukwaani

Riwaya inaweza kusema ukumbi mzima ulinyamaza jamaa alipogusa nyuzi, na msomaji akakubali, maana wimbo wenyewe hausikii. Mtazamaji wa Bagamoyo aliyekaa safu ya tatu anausikia. Ukiwa wa kawaida, hadithi imekufa pale pale. Kwa hiyo mnaogeuza riwaya kuwa mchezo wa nyimbo, utungeni wimbo huo kwanza, kabla ya mazungumzo yoyote, kisha msiutoe mzima. Mwanzoni mhusika apige mistari miwili na kukwama. Baadaye mama yake auimbe chini kwa chini huku anakuna nazi. Kiitikio kisubiri onyesho la mwisho.

Idhini ya mwandishi iwe ya maandishi. "Kaniruhusu kwa simu" si idhini. Kwa Sheria ya Hakimiliki ya Tanzania ya 1999, kugeuza riwaya kuwa mchezo ni haki yake, na inadumu miaka 50 baada ya kufa kwake.

Sasa panga. Kurasa 200 ni kama maneno 60,000. Mchezo wa saa mbili wenye nyimbo 14 za dakika nne nne umeshakula dakika 56. Mazungumzo yanayobaki hayafiki maneno 8,000. Cha kukatwa kwanza ni kule kuhangaika kwa mpiga gitaa akitafuta bendi. Kitabuni bendi tano zinaweza kumkataa kwa sura tano, lakini jukwaani mlango wa tatu unachosha. Kukataliwa kote huko kukunjeni kuwe wimbo mmoja wa beti tano, kila ubeti mlango mmoja, mwendo ukizidi.

Kama hadithi ni ya Tanga ya miaka ya 1960 na 1970, mna utajiri: dansi la Atomic Jazz na Jamhuri Jazz, na taarabu ya kikundi cha Black Star, waliotia gitaa na besi. Nyimbo anazopiga kazini zipewe magitaa ya solo, ridhimu na besi, pamoja na ngoma. Zile za moyoni zipewe ala moja tu, la sivyo mtu hajui kama mhusika anawaza au yuko kazini. Na kwenye taarabu watu watapanda kutuza, hamtawazuia. Bendi irudie kiitikio mpaka wa mwisho ashuke, na mwigizaji azoeshwe kupokea noti bila kutoka kwenye uhusika.

Kosa ninaloliona baya kuliko yote ni la shada, yaani mkazo wa silabi. Kwa kawaida Kiswahili hukaza silabi ya pili kutoka mwisho, ila maneno machache. Muziki ukikaza pengine, neno linageuka. Imba "nimesimama barabara": ba-RA-ba-ra ni sawasawa, ba-ra-BA-ra ni njia ya magari. Someni kila mstari kwa sauti huku mnapiga makofi kabla ya kuutilia muziki.

Mwisho ni unyevu wa bahari. Ngozi ya ngoma hulegea. Ikipashwa moto sauti yake hupanda, kisha hushuka tena kabla sehemu ya mchezo haijaisha. Nyimbo nzito za ngoma ziwekwe mwanzo wa kila sehemu, na moto ukae nje, upande wa nyuma, na mtu wa kuulinda.