Usiku Mjomba Alipoangalia Frankenstein kwa Jicho Moja

Mjomba alikuja Dar es Salaam kutoka Tanga mwaka 2009 kutolewa mtoto wa jicho. Walianza na jicho la kulia. La kushoto likawekwa kiporo mpaka lile la kwanza lipone. Daktari alimwambia ni uzee tu. Yeye hakukubali. Alishikilia kwamba ni mwanga wa mashine, kwa sababu ujana wake wote uliishia kwenye chumba cha projekta, katika sinema moja ya mjini Tanga, akichungulia moto wa vijiti vya kaboni, vile vilivyotoa mwanga wa projekta, kupitia kidirisha cha kioo cheusi. Nani angembishia? Tukaitikia.

Basi akawa anakaa kwetu Magomeni, miwani nyeusi usoni, hana la kufanya. Magazeti hawezi, redio imemchosha. Runinga aliruhusiwa kidogo kidogo, ila taarifa ya habari ilimtia hasira, na zile tamthilia za Kifilipino alizozipenda mke wangu alizikataa siku ya kwanza. "Watu wazima wanalia hivi, na bado hajafa mtu?" Jioni moja nikamuuliza kama ataka kuona picha ya zamani, nyeusi na nyeupe. Akageuza uso wote kuniangalia, maana jicho moja peke yake halikumtosha. "Ya nani?"

Nilikuwa na diski ya Young Frankenstein, ya Mel Brooks, iliyotoka mwaka 1974. Niliwahi kuiona chuoni, kwenye kanda iliyochoka, picha inarukaruka, tukicheka zaidi kwa sababu wenzetu wanacheka. Rafiki aliyekuwa Uingereza ndiye aliyekuja kuniletea diski, na akaambatanisha Frankenstein yenyewe ya mwaka 1931, aliyoiongoza James Whale, Boris Karloff akiwa zimwi. Ile ya 1931 ni ya kutisha, inatokana na riwaya ya Mary Shelley ya mwaka 1818. Ile ya Brooks inaichezea shere. Mjukuu wa yule daktari wa zamani, Gene Wilder, anafundisha udaktari Marekani na anaona aibu kwa jina la ukoo wake. Anarithi ngome ya mababu huko Transylvania, anakwenda, anakuta vitabu vya babu, na mambo ya kufufua maiti yanaanza upya.

Sikumwambia mjomba kwamba ni ya kuchekesha. Nilitaka nione atagundua saa ngapi.

Inafunguka ngome, usiku, ngurumo, saa inagonga. Mjomba alikuwa ameketi kwenye kochi lililo karibu na runinga, mkono juu ya goti, kidole kikihesabu. Saa ilipomaliza akasema, "Kumi na tatu." Akangoja. "Saa gani inagonga mara kumi na tatu?" Binti yangu Zuhura, wakati huo yuko darasa la tatu, akacheka. Mjomba hakucheka. Aliinuka, akasogea mpaka kwenye runinga, akaweka vidole viwili juu ya ule ukanda mweusi ulio juu ya picha, kisha juu ya ule wa chini, akavipima.

"Hii si ya zamani," akasema.

"Kwa nini, mjomba?"

"Upana. Picha za miaka ya thelathini zilikuwa zinakaribia mraba. Kwenye runinga hii zingejaa pote. Hii wameipiga kwa upana wa siku hizi halafu wakaivalisha kanzu ya zamani." Akarudi kuketi. "Lakini aliyeipiga anajua kazi."

Nikajua hapo kwamba nimejiletea mtu wa kunifundisha filamu niliyodhani naijua. Mimi nilikuwa nikiifuata kwa maneno, nasubiri utani unaofuata. Yeye mdomo wa Gene Wilder haukumhusu. Utani mwingi wa ulimi ulimpita na hakuujali. Alichokuwa anakiangalia ni mwanga unatoka wapi, kivuli kinaangukia wapi, na tukio moja linaachiaje nafasi tukio jingine. Mara duara jeusi linajifunga mpaka picha inabaki tundu, mara picha mpya inaifuta ya kwanza kutoka ubavuni. Kila likitokea hilo alipiga goti. "Umeona? Wameacha hii miaka mingapi! Wameirudisha!" Kicheko chake cha kwanza cha usiku ule kilitoka kwa duara kujifunga. Zuhura aliniangalia kuuliza babu anacheka nini.

Ikafika maabara. Hapa nilisimamisha diski nikamweleza jambo ambalo nilijua litamgusa. Ile mitambo yote, magurudumu yanayozunguka na fimbo zinazorusha cheche, ni ileile ya mwaka 1931. Aliyeitengeneza, Kenneth Strickfaden, aliihifadhi nyumbani kwake miaka yote hiyo, na Brooks akaenda kuikodi. Jina lake halikuandikwa kwenye filamu ya kwanza. Kwenye hii ya Brooks likaandikwa.

Mjomba akanyamaza kidogo. "Jina la mwendesha mashine nalo haliandikwi," akasema. Kisha: "Achia."

Cheche zikapanda kwenye zile fimbo mbili, zinakatika juu, zinaanza tena chini. Hapo ndipo akafanya jambo ambalo sijamwona mtu mwingine akilifanya mbele ya filamu. Aliziba jicho la kulia kwa kiganja, akaangalia. Akaziba la kushoto, akaangalia. Akarudia. Nikadhani linamuuma, nikataka kuzima.

"Wacha, wacha. Njoo uone. Basi huwezi kuona. Jicho hili la zamani, picha yote ina rangi ya chai ya jana. Hili jipya, nyeupe ni nyeupe! Nimekuwa nikiona chai miaka mingapi mimi?"

Tangu hapo akawa anaangalia kwa zamu. Sehemu anazozipenda anaziona kwa jicho jipya; mazungumzo marefu anayaachia lile bovu, alipumzishe lingine, hivyo alivyosema. Nilimwonya kuhusu masharti ya daktari. Akaniambia daktari hajawahi kuendesha sinema.

Igor, yule msaidizi mwenye nundu, ni Marty Feldman, na kwa macho yale yaliyotoka nje hahitaji hata kusema neno. Mjomba alimpenda papo hapo. Nusu ya picha akasema, "Rudisha nyuma." Nikarudisha. "Tena." Nikarudisha tena. "Nundu ilikuwa kushoto. Sasa iko kulia. Hawa wamekosea, mtu wa kupanga mfululizo wa mavazi alilala." Nikamwambia hawakukosea. Inasimuliwa kwamba Feldman mwenyewe alianza kuihamisha kimyakimya, leo bega hili kesho lile, mpaka wenzake wakashtuka, na ikaingizwa kwenye filamu kuwa utani. Mjomba akakunja uso, amefurahi na amekasirika kwa pamoja: aliyekamata kosa kwa jicho moja kaambiwa si kosa.

Farasi ndio waliomweza Zuhura. Kuna mama mmoja mtunza ngome, Frau Blücher, na kila jina lake likitajwa farasi wanalia huko nje kwa hofu, hata kama hakuna zizi karibu. Zuhura alilishika jina lile, na mpaka tunakula tulikuwa na farasi mezani. Mke wangu akaacha vyombo akaja kuketi.

Mimi nilikuwa nimesahau kabisa kipande cha kipofu. Zimwi limetoroka, linaingia kwenye kibanda cha mzee kipofu anayeishi peke yake, ambaye usiku huohuo alikuwa akimwomba Mungu amletee mgeni. Mwaka 1935, katika filamu ya pili ya Whale kuhusu Frankenstein, kipande hiki ni cha huzuni na kizuri mno: kipofu anamkaribisha zimwi, anamlisha, anamfundisha urafiki. Brooks akakichukua kilekile, nywele zilezile za mzee, mwanga uleule wa moto. Nilipokikumbuka, mzee kipofu tayari alishaanza kutafuta bakuli kwa kupapasa. Nikatazama upande wa kochi. Mgeni wangu, jicho moja limefungwa ukungu, jingine limetoka kupasuliwa juzi. Mke wangu akanifinya. Nikashika rimoti.

Kipofu akachota supu ya moto. Akaikosa bakuli. Ikamwagikia zimwi mapajani.

Mjomba alipiga ukelele. Sijui niuiteje, haukuwa kicheko bado. Kipofu akachota tena, akaikosa tena, na hapo mjomba akainama mbele, mabega yanatikisika, machozi yanamtoka chini ya miwani ambayo hakupaswa kuivua na akaivua. Wakagonganisha vikombe vya mvinyo kutakiana heri, kipofu akakivunja cha mgeni. Kisha sigara: kipofu anatafuta ncha ya sigara, anawasha kidole gumba cha zimwi. "Mimi huyu!" mjomba akalia. "Mimi huyu wiki mbili zilizopita na jiko la mkaa! Muulize shangazi yako!" Mke wangu, aliyekuwa tayari kuomba radhi kwa niaba yangu, akaangua kicheko naye.

Alipotulia akasema, "Sauti ya yule naijua."

"Ya nani, mjomba?"

"Kipofu. Ndevu ni za bandia, lakini sauti nimeisikia kwenye spika ya chumba cha mashine siku nyingi. Ni yule polisi anayefukuza treni kwa gari."

Alikuwa ni Gene Hackman, na picha ya treni ni The French Connection ya mwaka 1971. Nilikuwa nimeiona filamu ya Brooks chuoni nisimtambue.

Tulitofautiana mahali pamoja. Daktari na zimwi lake wanapanda jukwaani wamevaa kofia ndefu na suti za jioni, wanacheza na kuimba mbele ya wanasayansi na watu wa heshima. Wengi husema ndiyo kilele cha filamu, na mimi ni mmojawapo: Peter Boyle, yule zimwi, anapopiga kelele badala ya kuimba, sijiwezi. Mjomba akasema hapa wameharibu. Mpaka hapo kila kitu kingeweza kutokea katika picha ya zamani, akasema, isipokuwa hiki. Nikamwambia Brooks mwenyewe alikuwa na mawazo hayohayo, hakukitaka, Wilder ndiye aliyeng'ang'ana mpaka kikabaki. "Basi Brooks ana akili," akasema, na hoja ikafungwa. Bado nasema amekosea.

Majina ya mwisho yalipopita akauliza nani wako hai. Nikamwambia Feldman alifariki mwaka 1982, Madeline Kahn, aliyeigiza mchumba wa daktari, 1999, zimwi mwenyewe, Boyle, 2006. Hackman wakati huo alikuwa bado hai, Wilder hai, Brooks hai. Akaitikia kila jina. Nikamweleza pia kwamba studio ya kwanza ilikataa picha isiyo na rangi, Brooks akaichukua kazi yake akaipeleka 20th Century Fox. Hilo lilimpendeza kupita yote. "Ingekuwa ya rangi," akasema, "nisingelijua jicho langu lilikuwa linanidanganya kiasi gani."

Saa nne ilikuwa imepita. Akataka ile ya 1931 usiku uleule. Ni ya dakika sabini hivi, nikaiweka. Ilijaa runinga pote, pembe kwa pembe, naye akanigeukia kwa ushindi. Msaidizi wa daktari alipodondosha chupa ya ubongo mzuri akachukua ule mbaya, mjomba akaguna: Igor aliiangusha vivyo hivyo. Zuhura alishalala kwenye zulia.

Jicho la pili lilipokwisha kupona alirudi Tanga na diski moja. Nilidhani atachukua ya Karloff, yeye mwenye heshima na vya kale. Alichukua ya Brooks. Siku moja nikampigia simu jioni, nikasikia nyuma yake watoto wa jirani, chumba kizima. Alikuwa amesimamisha picha pale kwenye cheche, anawaeleza vijiti vya kaboni vilivyokuwa vikiwashwa na kusogezwa kwa mkono, jinsi ukichelewa skrini inavyofifia na watu wa chini wanavyoanza kupiga miluzi. Maelezo yakawa marefu. "Babu," mtoto mmoja akasema, karibu na simu kabisa, "achia picha bwana, tunamsubiri yule wa supu!"

"Subiri," akamjibu. "Mjomba, nitakupigia."