Kisingizio cha lugha dhidi ya familia za Walatino Marekani

Katika mikusanyiko yetu Waafrika Mashariki tunaoishi Texas, iwe ni harusi, harambee au chakula baada ya ibada, hakukosekani mtu wa kuuliza juu ya majirani zetu Walatino, yaani wenye asili ya Meksiko na nchi nyingine za Amerika ya Kilatini: mbona wamekaa nchi hii miaka yote hiyo na Kiingereza bado kinawashinda? Anayeuliza huwa hana nia mbaya, na pengine yeye mwenyewe amewasili juzi tu. Lakini swali hilo lina historia chungu, kwa sababu kwa muda mrefu lugha ndiyo iliyotumika kama kisingizio cha kuwatenga watoto wa Walatino, hata pale ambapo watoto hao walikizungumza Kiingereza vizuri kabisa. Mimi ni mkalimani wa Kiswahili hospitalini, na wengi ninaowasemea ni wakimbizi kutoka Kongo, kwa hiyo suala la nani anasikilizwa na nani anapuuzwa kwa ajili ya lugha yake ninakutana nalo kila siku kazini. Siwezi kulinyamazia.

Katika mji mdogo wa Marfa, magharibi mwa Texas, limesimama jengo la matofali ya udongo lililokuwa shule ya Blackwell, ambayo kuanzia mwaka 1909 hadi 1965 ilisomesha watoto wenye asili ya Meksiko peke yao. Sheria ya jimbo iliamuru watoto weusi watengwe na weupe, lakini haikusema lolote juu ya Wameksiko. Kuwatenga hao ilikuwa desturi ya bodi za shule, na sababu iliyotolewa ilikuwa lugha. Katika miaka ya 1950 walimu wa Blackwell waliwaamuru wanafunzi waandike maneno ya Kihispania kwenye vipande vya karatasi, wakavitia ndani ya kisanduku, kisha wakakizika kwenye uwanja wa shule kama mtu anavyozikwa. Aliyesikika akizungumza Kihispania baada ya hapo alichapwa kwa kipande cha ubao. Sisi tuliosoma Kenya tulivishwa shingoni kile kidude tulichokiita "disk" kwa kosa la kuongea lugha ya nyumbani, na kwa hiyo hatuna haja ya kuelezwa mtoto anajisikiaje anapofundishwa kuona haya kwa maneno ya mama yake. Wale waliozika Kihispania wakiwa wadogo, wengi wao walipopata watoto waliwanyima lugha hiyo kwa makusudi, ili yasiwapate yaliyowapata wao. Leo Blackwell ni eneo la kumbukumbu la taifa, chini ya sheria iliyotiwa saini mwaka 2022, na ninashukuru kwamba waliodai jengo hilo lihifadhiwe ni wale wale waliowahi kuchapwa ndani yake.

Kesi inayoonyesha wazi zaidi uongo wa kisingizio hicho ilitokea California. Gonzalo Mendez, mzaliwa wa Meksiko, na mkewe Felicitas, mzaliwa wa Puerto Rico, walikodi shamba huko Westminster, katika Kaunti ya Orange, kutoka kwa familia ya Munemitsu, Wamarekani wenye asili ya Japani waliokuwa wamehamishwa kwa nguvu na kufungiwa kambini Poston, Arizona, wakati wa Vita Vikuu vya Pili vya Dunia. (Huwa ninatulia hapa kila ninapoisoma habari hii: mavuno ya shamba la familia moja iliyoonewa ndiyo yaliyosaidia kumlipa wakili wa familia nyingine iliyokuwa ikionewa.) Siku ya kuandikisha watoto shuleni, shangazi yao, Soledad Vidaurri, aliwachukua watoto wake pamoja na Sylvia Mendez na ndugu zake, akawapeleka kwenye shule ya mtaa wa 17. Watoto wa shangazi, waliokuwa weupe zaidi wa ngozi na wenye jina la ukoo lililosikika kama la Kifaransa, walipokelewa. Watoto wa Mendez, wenye ngozi nyeusi zaidi na jina la Kimeksiko, waliambiwa waende shule ya Hoover, iliyotengwa kwa ajili ya Wameksiko. Shangazi hakukubali kumwacha hata mmoja wao pale. Aliondoka na watoto wote.

Mwezi Machi 1945, Mendez na wazazi wengine wanne walizishtaki wilaya nne za shule, Westminster, Garden Grove, Santa Ana na El Modena, kwa niaba ya watoto wapatao 5,000. Wilaya hizo zilijitetea kwamba hazikubagua mtu kwa asili yake, bali zilikuwa zikiwasaidia watoto wasiojua Kiingereza. Kisha mkuu wa elimu wa Garden Grove akasimama kizimbani na kusema kwa kiapo kwamba watoto wa Kimeksiko walikuwa duni kuliko weupe kwa usafi na kwa uwezo. Mashahidi wa upande wa wazazi walijieleza kwa Kiingereza mbele ya jaji. Katika hukumu yake ya Februari 1946, Jaji Paul McCormick alieleza kwamba vipimo vya lugha vilivyotumika vilikuwa vya juujuu na visivyotegemeka, na kwamba wakati mwingine kilichoamua mtoto apelekwe wapi ni jina lake tu. Mahakama ya rufaa iliithibitisha hukumu hiyo mwezi Aprili 1947, huku chama cha haki za Wamarekani weusi, NAACP, kikiwa kimewasilisha hoja zake kupitia Thurgood Marshall, ambaye mwaka 1954 alishinda kesi ya Brown iliyopiga marufuku ubaguzi katika shule za umma nchi nzima. Ndugu zangu wanaodhani kwamba mambo ya Walatino hayatuhusu sisi watu weusi watafakari jina hilo la Marshall lilivyofika katika kesi ya wakulima wa Kimeksiko.

Shule zilifunguliwa, lakini dharau haikuondoka pamoja na kuta zake. Mwaka jana, nikiwa ninamngoja mgonjwa wangu katika kliniki ambayo sitaitaja, nilimwona mama mmoja mapokezini akiwa na binti yake wa miaka kama kumi. Fomu ilikuwa kwenye kaunta, kalamu mkononi mwa mtoto, na mhudumu alimuuliza mtoto maswali bila kumtazama mama hata mara moja. Walipofika kwenye swali la mimba zilizowahi kuharibika, mtoto alinyamaza, akamgeukia mama yake, akarudia neno la Kiingereza jinsi lilivyo kwa kuwa hakuwa na la Kihispania. Kanuni za serikali kuu tangu mwaka 2016 zinakataza vituo vya afya kumtumia mtoto kama mkalimani isipokuwa kwa dharura. Nilipomkumbusha mhudumu jambo hilo, alinijibu kwamba mama yule ameishi hapa muda wa kutosha kujua Kiingereza. Hatimaye mkalimani alipatikana kwa simu, na haikuchukua dakika kumi. Huduma ilikuwapo tangu mwanzo. Kilichokosekana ni mtu wa kuona kwamba mama yule anastahili kupewa.

Nje ya kliniki hali ni nzito zaidi, kwa sababu huko lugha na sura vinaweza kumfanya mtu asimamishwe barabarani. Mwaka 2013 jaji wa mahakama ya serikali kuu aliamua kwamba ofisi ya mkuu wa polisi wa Kaunti ya Maricopa, Arizona, iliyoongozwa na Joe Arpaio, ilikuwa imevunja katiba kwa kuwalenga madereva Walatino kwa sababu ya asili yao. Mwaka 2025, huko Los Angeles, jaji mwingine alizuia maafisa wa uhamiaji kuwasimamisha watu kwa kutegemea tu mwonekano wa asili yao, Kihispania chao au lafudhi ya Kiingereza chao, mahali walipo na aina ya kazi wanayofanya. Tarehe 8 Septemba Mahakama ya Juu ilisitisha zuio hilo wakati kesi ikiendelea. Lafudhi! Nani kati yetu hana lafudhi?

Ninaamini tuna deni kwa familia hizi, na deni lenyewe liko hapa hapa Texas. Mwaka 1975 jimbo hili lilipitisha sheria ya kuzinyima shule fedha kwa ajili ya watoto wasio na makaratasi ya uhamiaji, na wilaya ya Tyler ikaanza kuwatoza wazazi wao karo ya dola 1,000 kwa mwaka kwa kila mtoto, fedha ambazo vibarua wa viwandani na mashambani hawakuwa nazo. Wazazi wachache walikwenda mahakamani bila kutaja majina yao. Jaji alipanga kikao kianze saa 12 asubuhi ili wasionekane, na familia mojawapo ilifika ikiwa imepakia mali zake ndani ya gari, kwa kujua kwamba huenda isirudi nyumbani. Kesi hiyo ilifika Mahakama ya Juu, ambayo mwaka 1982, kwa kura tano dhidi ya nne, iliamua kwamba jimbo haliwezi kumnyima mtoto elimu ya msingi na sekondari ya umma kwa sababu hana makaratasi.

Mzazi Mkenya au Mtanzania ambaye viza ya familia yake imekwisha muda anaandikisha mtoto wake Houston au Dallas kwa ulinzi wa uamuzi huo, na ninawajua wazazi wa namna hiyo. Mwaka 2022 gavana wetu, Greg Abbott, alisema hadharani kwamba anataka uamuzi huo upingwe upya. Jambo hilo likifika mbele ya bodi za shule au mahakamani, ninawaomba wazazi wa jumuiya yetu waje wakae safu moja na wazazi Walatino, nao waseme. Asiyejiamini kwa Kiingereza aje vilevile. Nitamkalimania bila malipo.