Ngumi Imempita Usoni, Mbona Haikuingia?

Kwenye vibanda vya gemu hapa Malindi ugomvi ni ule ule: "Nimempiga huyo, huoni?" Kaona kila mtu, ila programu haikuona. Programu haijui ngumi wala uso. Inajua mistatili tu, isiyoonekana, iliyofungwa kwenye kila picha ya mhusika.

Kuna boksi la kupigia, maboksi ya kupigwa (kichwa, kiwiliwili, miguu), na boksi la kusukumana linalozuia wapiganaji wasipitiane.

Gemu nyingi za mapigano huenda fremu 60 kwa sekunde (fremu ni picha moja ya skrini), na ukaguzi hufanywa kila fremu. Boksi A la kupigia na boksi B la kupigwa la mpinzani yamegongana ikiwa ukingo wa kushoto wa A uko kabla ya ukingo wa kulia wa B, ule wa kulia wa A umepita wa kushoto wa B, na juu na chini vilevile. Sharti moja likikosekana, hakuna pigo. Ni hesabu nyepesi. Hata mashine za 1991, Street Fighter II ilipotoka, ziliimudu.

Utamu uko kwenye muda. Chukua teke lenye fremu 4 za kuanza, 3 za kupiga na 10 za kurudi. Boksi la kupigia lipo fremu ya 5 hadi ya 7 basi. Fremu ya 8 mguu ungali hewani, lakini ni pambo. Tena boksi lake la kupigwa bado lipo, kwa hiyo mwenzako anaweza kukupiga mguu huo huo. Pigo linalosifiwa kuwa kali mara nyingi ni lile ambalo boksi la kupigia limechomoza mbele ya la kupigwa.

Kwa anayetengeneza gemu, kosa la kwanza ni teke kukata damu (uhai wa mpinzani) mara 3, kila fremu ya kupiga mara moja. Liwekee alama kwamba limeshaingia. La pili ni mhusika anapogeukia kushoto. Boksi linaloanza pikseli (nukta za skrini) 20 mbele yake, upana 30, sasa lianze -50. Ukigeuza 20 kuwa -20 tu bila kutoa upana, litaanza -20 liishie 10, yaani tumboni mwake mwenyewe! La tatu ni baya zaidi kwa sababu halionekani upesi: ukikagua mchezaji wa kwanza na kumpa pigo lake papo hapo, wakipigana fremu moja atashinda yeye daima. Kusanya migongano yote kwanza, ndipo ukate damu.

Na weka kitufe cha kuchora maboksi kwa rangi na kusogeza fremu moja moja, kabla hujaongeza mhusika wa pili.